Ukialika wachezaji wenzako, waachie uwanja

Saa tisa na dakika kumi, Jumamosi ya sherehe yetu, mama mmoja wa makamo kutoka kaskazini mwa Uingereza alinijia kando ya uwanja wa soko, akanigusa begani, akaniambia magoti ya watu wake yamepoa. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa upole wa mtu ambaye naye aliwahi kukaribisha wageni akakosea vilevile. Nilipogeuka nikaona alichokiona yeye: wachezaji zaidi ya mia moja wamefunga njuga miguuni tangu saa nane, wamesimama juani, na wanaocheza ni sisi wenyeji peke yetu. Tulikuwa tumefungua kwa ngoma tatu, zikafuata hotuba mbili, kisha tukarudi uwanjani tena. Ratiba ile niliipanga mimi.

Kikundi chetu cha morris, ngoma ya jadi ya Uingereza, kilikuwa kinatimiza miaka 50, tukaalika vikundi 8 kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Tukijumlisha na sisi, tulikuwa watu 140 hivi. Mengi yalikwenda vizuri. Lakini mtu yeyote akiniuliza namna ya kualika wachezaji wenzake, iwe morris, iwe lelemama, iwe ngoma ya kwao yoyote, huanza na magoti ya yule mama. Mwenyeji hudhani siku hiyo ni ya kuonyesha amefika wapi. Mchezaji aliyesafiri saa tano kwa gari, akalala sakafuni, hakuja kutazama. Amekuja kucheza.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekua nikiona kirumbizi, wanaume wawili wawili wakichezeana bakora kwa mdundo wa ngoma na zumari, harusini na siku za Maulidi. Kwa hiyo nilipohamia Oxfordshire, na siku moja nikakuta mbele ya baa watu sita wenye nguo nyeupe, njuga zimefungwa chini ya magoti, wanagonganisha fimbo huku kodiani ndogo ikilia, nilisimama na mifuko yangu ya sokoni mpaka wakamaliza. Wiki iliyofuata nilikuwa ukumbini kwao najifunza kuruka. Baada ya miaka sita wakanipa ukatibu. Katibu wa morris kwa desturi huitwa mtu wa mkoba, na cheo hicho kina asili ya heshima, maana hati ya kale zaidi inayojulikana kuitaja ngoma hii Uingereza, ya mwaka 1448, ni ya mahesabu: chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji shilingi 7. Jina lililoandikwa pale lilimaanisha ngoma ya Wamori, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilifurahi sana, ingawa jina peke yake halithibitishi kwamba ngoma yenyewe ilitoka huko.

Kabla ya kuandika ratiba, jua umemwalika nani. Neno morris limebeba ngoma nyingi, na kila moja ina uwanja wake. Sisi tunacheza mtindo wa Cotswold, wa vijiji vya huku kwetu: watu sita, vitambaa vyeupe au fimbo, na kuruka kwingi. Unataka ardhi tambarare isiyo na changarawe. Wale wa kaskazini-magharibi, kutoka miji ya viwanda vya pamba, huvaa viatu vyenye soli za mbao zilizopigiliwa vyuma na ngoma yao ni ya maandamano. Ukiwapa kona ya uwanja umewanyang'anya ngoma yao; wape barabara, na hakikisha si ya mawe yaliyolowa, watateleza. Wacheza rapa, ngoma ya panga ya Northumberland na Durham, ni watano, wameshikana kwa panga fupi zinazopindika, zenye mpini kila upande, na hawaachiani mpaka mwisho. Hao wapange ndani ya baa, kwenye sakafu ya mbao, kwa sababu mlio wa viatu vyao ni sehemu ya muziki. Wa Border, kutoka mpakani mwa Wales, huja wengi, wana makoti ya vitambaa vilivyochanwachanwa, vifijo na fimbo nene. Usiwapange mita kumi kutoka kwa kikundi kinachocheza kwa fidla moja. Mimi niliwapanga, na yule mpiga fidla alipiga kwa bidii mpaka wimbo wake ukaisha bila mtu kuusikia.

Kuhusu fimbo nitasema kwa mkazo, kwa sababu nililiona kwa macho. Katika kijiji cha pili tulichozuru asubuhi ya Jumamosi ile, fimbo ya mhazeli ilikatika katikati ya pigo. Kipande kama urefu wa kidole kikaruka, kikatua juu ya pazia la kigari cha mtoto mchanga aliyekuwa mstari wa mbele. Mtoto hakuamka hata. Mama yake midomo ilimpauka, nami nikaishiwa nguvu za miguu. Tangu hapo mtu wetu mmoja kila onyesho ana kazi hiyo moja tu: kurudisha watu nyuma hatua nne na kuhakikisha wanabaki huko. Na kila asubuhi fimbo zote hupigwa chini moja moja. Inayotoa sauti ya ufa inatupwa. Hapa Uingereza kikundi kikiwa mwanachama wa Morris Ring, ulioanzishwa 1934, au Morris Federation, iliyoanza 1975 kama shirikisho la wanawake, au Open Morris, kinapata bima ya madhara yanayoweza kuwafika watazamaji. Omba kila mgeni akutumie uthibitisho wake mapema. Mwenye baa akupe ruhusa kwa maandishi. Ukitaka kupitisha kopo la michango barabarani, halmashauri inatoa kibali chake, na haitoi kwa siku mbili.

Kuna jambo jingine la kuingiza ndani ya barua ya mwaliko. Mwezi Julai 2020 mashirika hayo matatu yaliwataka wanachama wao waache kupaka nyuso zao zote rangi nyeusi, desturi iliyokuwapo hasa kwa vikundi vya Border. Wakati huo mimi nilikuwa tayari mchezaji, na mtu mweusi pekee kikundini. Wenzangu hawakunisukumia kazi ya kulieleza, walilieleza wao. Vikundi vingi siku hizi hupaka kijani, buluu au zambarau, na kwa kweli wanapendeza. Sentensi moja iliyo wazi inatosha, na mwenye swali atauliza miezi kabla, badala ya kulizusha asubuhi ya sherehe mbele ya watoto.

Sasa ratiba yenyewe. Ngoma moja huchukua dakika tatu au nne. Ukikusanya vikundi 9 mahali pamoja, kila kimoja kikicheza mbili, na ukiongeza muda wa kuingia na kutoka, umetumia saa moja na nusu, na kila kikundi kimecheza dakika nane tu. Muda uliobaki wamesimama. Misuli inapoa, wazee wanaanza kutafuta viti, vijana wanapotelea baani, na ukiwaita hawaji. Asubuhi tulifanya inavyotakiwa: mabasi matatu, vikundi vitatu kila basi, vijiji vitatu, dakika 45 kila kijiji. Zamu inakuzungukia kila baada ya robo saa. Watu walirudi mjini wanacheka, wametoka jasho. Mchana ndipo tukawaweka pamoja, tukajipa sisi nafasi ya kwanza, ya nne na ya mwisho.

Yule mama alipoondoka nilimfuata kiongozi wetu. Tulifuta hotuba iliyobaki na ngoma zetu zote zilizobaki, tukagawa uwanja pande mbili kwa kamba, vikundi viwili vikawa vinacheza kwa pamoja. Ndani ya dakika ishirini hapakuwa na mtu amesimama bure. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, wenyeji tungecheza mara moja tu, ya kufungua, kisha tungeshika maji, kamba na kopo la michango. Na historia ya miaka 50 ningeiacha pale ilipofanya kazi vizuri kuliko hotuba: ukutani. Mwenzetu mmoja alikuwa amebandika picha za zamani mlangoni mwa ukumbi, na Jumamosi usiku watu walijazana pale na vikombe vya chai wakitafutana sura. Mgeni mmoja alijiona ana miaka kumi na tisa.

Mkitaka kucheza ngoma moja wote kwa pamoja, na ni jambo la kupendeza mno, kubalianeni mapema mtaicheza kwa namna ya kijiji gani. Ngoma yenye jina moja huchezwa tofauti Bampton na tofauti Adderbury. Mikono ya huyu inapanda wakati ya yule inashuka. Kisha chagueni mpiga mmoja wa kuongoza, na wapigaji wote wasimame katikati, bega kwa bega. Wanamuziki hawapendi kubanana, lakini sababu ni hii: sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Mpiga akisimama upande mmoja wa uwanja wa mita 50, mchezaji wa upande wa pili anasikia pigo likiwa limechelewa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kama kuna kodiani nyingine karibu naye inayofuata masikio yake, ngoma inapasuka vipande viwili. Tulilijaribu Ijumaa jioni kwenye maegesho ya magari, tukalisikia wazi.

Mambo ya ukumbini nitayapitia haraka. Wageni wengi hulala sakafuni kwa magodoro ya kujaza upepo. Watengeeni chumba cha wakoromaji. Ni desturi ya siku nyingi na hakuna anayeona aibu kukichagua. Hesabuni vyoo kabla ya kuhesabu vitanda. Wekeni beseni la maji ya chumvi na plasta nyingi.

Chakula kilikuwa mikononi mwangu Jumamosi usiku. Karamu kama hii wao huiita ale, jina lile lile la bia yao, na mimi sinywi pombe. Mwanzoni nilidhani ni tatizo langu binafsi. Nilipopeleka fomu za mwaliko zenye swali la vinywaji, watu zaidi ya thelathini waliandika chai, maji au juisi: madereva, wenye dawa, wajawazito, na wengine waliokuwa wamechoka kubembelezwa. Uliza, usikisie. Nilipika pilau kilo 15 za mchele kwenye sufuria tatu, moja ya nyama ya mbuzi, moja ya kuku, moja ya mboga na dengu isiyoguswa na mwiko wa nyama. Vitunguu nilivikaanga mpaka vikawa kahawia hasa, maana hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka, na harufu ya binzari nyembamba ikawatoa watu kwenye foleni ya bafu wakiwa na taulo mabegani. Sufuria ya mboga ndiyo iliyoisha kwanza. Nilikosea hesabu: hata wala nyama walijipakulia. Pikeni ya mboga nyingi kuliko fomu zinavyosema.

Na acheni nafasi tupu. Jumapili asubuhi niliacha saa moja bila kitu, kwa sababu tu nilichoka kupanga. Kikundi kimoja kutoka mbali kiliitumia kwenda Headington, pembeni mwa Oxford, mahali ambapo tarehe 26 Desemba 1899 Cecil Sharp, mkusanyaji wa nyimbo na ngoma za jadi, aliwaona wachezaji wa kijiji wakicheza kwa konsatina, kinanda kidogo cha mikononi, iliyopigwa na William Kimber. Haukuwa msimu wao. Baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na walitoka kucheza ili wapate chochote. Siku ya pili Sharp akamwita Kimber, akaziandika nyimbo zake, na kutoka hapo sehemu kubwa ya morris tunayoicheza leo ikapata kushikwa isipotee. Wageni wale walirudi kimya. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Saa ile sikuipanga mimi, lakini kati ya zote za mwisho wa wiki ule, ndiyo waliyoniandikia kuihusu baadaye.

Baada ya chakula cha mchana magari yaliondoka moja baada ya jingine. Tulibaki wenyeji kumi na mmoja, tukakunja viti, tukapiga deki, tukakusanya vitambaa vyeupe saba na njuga za mguu mmoja chini ya meza. Ndipo mtu akakumbuka kwamba tangu Jumamosi saa tisa hatujacheza hata ngoma moja. Mpiga kodiani akaitoa tena kwenye sanduku lake. Tulisimama sita, na nafasi ya kwanza tukampa mzee wetu mwanzilishi, miaka sabini na minane, ambaye haruki tena. Nilipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa nikamfunga njuga, kushoto kisha kulia. Ukumbi ulikuwa mtupu na kila njuga ilisikika mara mbili. Pale sisi tuliporuka, yeye aliinua visigino tu, kwa wakati wake, na hatukuharakisha.