Barua kwa mwanangu: Krismasi ya Marangu na karatasi ya daktari

Marangu, mwisho wa Novemba

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote. Vuli imetunyeshea vizuri, migomba imenawiri, na mama yako anasema mikungu miwili ya mshare iliyo kando ya mfereji itakomaa wiki ya sikukuu yenyewe, kana kwamba imesoma kalenda.

Sauti uliyonitumia niliisikiliza mara tatu: mara ya kwanza na mama yako, ya pili peke yangu, ya tatu nikiwa na kalamu. Ulisema tangu Julai umepungua kilo saba, sukari ya asubuhi kabla ya kula imeshuka kutoka 6.6 hadi 5.8, na daktari amefurahi. Kisha ukauliza: "Sasa baba, nakuja huko wiki mbili. Nitakulaje bila kuharibu kila kitu, na bila watu kusema naringa?" Mambo ya namna hiyo mimi siwezi kuyajibu kwa kubonyeza kitufe na kuongea njiani. Nimeandika kwenye daftari, mjukuu akija kututembelea atapiga picha kurasa akutumie.

Nianze na aibu yangu, maana nadhani hukuwahi kusimuliwa yote. Nilipoambiwa nina kisukari, mwaka 2011, nilifuata masharti kama mwanafunzi wa bweni. Desemba ya mwaka uliofuata nikajiona hodari, nikapiga hesabu ya kiualimu: jioni kwa baba yako mkubwa kuna mbuzi, kwa hiyo mchana nisile, niweke akiba. Kidonge changu cha glibenclamide nikameza asubuhi kama kawaida, kwa chai ya rangi tupu. Tukaenda ibada, tukapiga picha na watu wa Dar, tukapanda kilima kwa miguu. Kufika saa tisa, nyama bado iko motoni. Nikapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikaongezwa ya pili.

Kwanza lilikuja jasho jembamba kwenye kipaji cha uso. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, kata ikagonga meno. Nikataka kumwambia jirani yangu sijisikii vizuri, maneno yakatoka yamepondeka. Watu wakacheka: "Mwalimu leo zimemkolea!" Wakanisogeza kwenye kiti nyuma ya turubai ili nilale. Ni mama yako aliyekuja kunitazama, akagusa shati likiwa limelowa chapachapa, akamnyang'anya mtoto wa watu soda mkononi na kunishikia chupa mdomoni. Soda ileile niliyokuwa nimeilaani mwaka mzima. Dakika kumi na tano baadaye nilikuwa nimekaa sawa, nimejua jina langu. Dawa haina habari kwamba umeahirisha mlo. Yenyewe inaendelea kushusha sukari, na pombe kwenye tumbo tupu inalizuia ini lisitoe akiba yake. Halafu nyama ilipokuja nilikula kama mtu aliyetoka jela, na usiku mashine ikasoma 17. Siku moja, nimeanguka kwa upungufu na nimelala na ziada.

Wewe humezi vidonge, hutaanguka hivyo. Lakini hesabu yangu ile ndiyo utakayoshawishika kuipiga, naijua damu yetu. Anayekwenda kwenye sherehe na njaa hachagui chakula, chakula ndicho kinamchagua. Siku ya shughuli kunywa chai yako isiyo na sukari, kula mayai mawili au maharage, na mnafu, ndipo uvae kitenge.

Sasa jambo lenyewe. Unaogopa tarehe 25, na mimi nasema tarehe 25 haina neno. Kinachotumaliza ni kwamba Krismasi yetu inaanza gari la kwanza la Dar linapokata kona pale njia panda ya Himo na inaisha la mwisho linaporudi. Mwaka jana nilipanga kadi mezani: kati ya tarehe 20 Desemba na tarehe 2 Januari tulialikwa mara tisa. Ubatizo, kipaimara, harusi mbili, kumbukumbu ya marehemu, kufungua nyumba, na zilizobaki ni za "karibuni tu". Mara tisa mtu anasema "leo ni leo". Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, ambapo watu wazima 195 walipimwa uzito kabla na baada ya sikukuu zao. Wastani wa ongezeko haukufika hata nusu kilo, ni gramu 370 hivi. Ukisikia hivyo unaweza kucheka. Ila walipofuatiliwa baadaye, ile nyongeza ndogo haikuwa imetoka. Hesabu Krismasi kumi, ndipo utaelewa suruali zangu za zamani zilikwenda wapi.

Nimeiangalia na ile karatasi ya mpango wa kula uliyoipiga picha. Oti, brokoli, tufaha moja la kijani, mtindi usio na mafuta. Huyo aliyeiandika ni mtaalamu, simbishii, ila hajawahi kula sikukuu Marangu. Usije na oti kwenye begi, mama yako atalia. Tafsiri tu. Panapoandikwa brokoli soma mnafu au mchicha, uliopikwa kwa mafuta kidogo. Penye dengu soma maharage. Penye wanga kiasi cha ngumi moja, hapo soma ndizi.

Ndizi zetu watu wa mjini wanazisingizia. Ndizi mbichi ina wanga ambao sehemu yake inasagwa polepole tumboni. Ikiiva ndipo wanga ule unageuka sukari. Machalari, yaani ndizi na nyama yenye mchuzi mwepesi, vipande vinne vitano, huo ni mlo wa mtu mwenye akili. Kitawa cha maziwa mgando vilevile, bakuli dogo. Mtori nao, ila uangalie: umepondwa, unapita kooni bila kutafunwa, mtu anakunywa bakuli tatu akidhani amekunywa supu. Omba kikombe. Na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kunywa, hakina ugomvi na wewe.

Ugomvi uko kwingine. Simama siku moja kando ya meza ya chakula utazame sahani zinavyopakuliwa. Pilau, juu yake chapati, pembeni ndizi, juu chipsi kwa sababu watoto walizitaka, halafu kijiko cha kachumbari kama pambo. Huo ni wanga uliobebeshwa wanga. Chagua mmoja. Ukitaka pilau, kula pilau, iwe ndiyo sikukuu yako siku hiyo, na ndizi ziache ziwepo kesho, hazina safari. Anza na mboga na nyama, wanga umalizie. Nilidhani ni upuuzi wa vijana wa kliniki, mpaka nilipopima mwenyewe saa mbili baada ya kula, siku hii nimeanza na mboga na siku ile nimeanza na wali, chakula kilekile. Tofauti ilikuwepo.

Na vinywaji! Hapa nitakaa kidogo. Enzi zangu mtoto alipata soda Krismasi na Pasaka, mkigawana wawili. Siku hizi ukiingia nyumba ya watu, hujaketi vizuri, kizibo kimeshatolewa. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi, sawa na vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku ikiwezekana. Nyumba nne unazopita mchana mmoja ni chupa nne. Ukikwepa soda unaletewa chai ya maziwa iliyotiwa sukari tangu jikoni, imekolea kama dawa ya kikohozi. Fanya hivi: hodi yako iwe na maji. Kabla hujaulizwa, sema "naombeni maji ya kunywa, nimepanda kilima". Hakuna Mchaga atakayekunyima maji, na ukiwa umeshika glasi, mkono mmoja umeshajaa. Mbege siikatazi, nami naonja nikiwa nimeshiba, nusu kata. Bia hesabu mwenyewe: chupa ya nusu lita ni karibu kilokalori 200, kama chapati, na hakuna anayekunywa moja.

Sasa watu. Hili ndilo lililokuwa ndani ya sauti yako, nililisikia. Utafika umepungua, na neno la kwanza la shangazi yako wa Mamba litakuwa "Mbona umekonda, unaumwa?" Huku kwetu mwili mkubwa ndio cheti cha kwamba mji umekupokea. Watakutazama kwa huruma, wengine watanong'ona mengine unayoyajua. Usianze kueleza wanga na kalori mbele ya mabibi, hutamaliza. Mimi nilitumia miaka miwili kuhubiri nikaambulia kuitwa mchoyo wa nafsi yangu. Sema tu "sukari ilitaka kunipata kama baba, nimeiwahi". Kila ukoo hapa una mtu aliyekatwa kidole au mguu, wataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Kuhusu kuringa: huwezi kula kila nyumba, na huwezi kukataa kila nyumba. Kwa hiyo chagua nyumba ambazo utakula kweli. Mimi ningekuchagulia tatu. Hapa nyumbani siku yenyewe. Kwa bibi yako, kwa sababu hatujui Krismasi ngapi zimebaki naye. Na kwa mama mkwe wako Rombo. Huko, mwanangu, usifanye mchezo. Yule mama akikuchinjia kuku, kaa ule, ulambe na vidole, uombe na mchuzi. Wali wake pakua kidogo mwenyewe kabla hajashika upawa, kwa maana akishashika yeye upawa mambo yamekwisha. Nyumba zilizobaki unafika, unasalimia, unakaa, unasikiliza habari, unapokea fungu lako la nyama unafungiwa unaondoka nalo. Fungu ni heshima, umelipokea, na hakuna kanuni ya ukoo inayosema lazima liishie tumboni mwako palepale. Mpe dereva wa bodaboda robo, nyingine lete kwenye friji.

Mtu akikuona umekaa bila sahani ataleta sahani. Kwa hiyo usikae. Ingia jikoni, beba vikombe, ogesha mtoto wa mtu. Au baada ya kula waondoe wajukuu kwenye viti mlizunguke shamba lote, wakaone makaburi ya wazee na masale ya mpakani. Nusu saa ya kupanda na kushuka kihamba chetu inateremsha sukari kuliko maneno, nimeipima. Waeleze watoto kwamba zamani mtu akikukosea akaja na jani la sale, ulitakiwa kumsamehe. Kwa bahati mbaya kongosho, linalosimamia sukari mwilini, halijafundishwa mila hiyo.

Na kuna siku utateleza. Pengine harusini, keki itapita, muziki utakuwa mzuri, utakula vipande viwili na soda juu. Basi, umekula. Kesho yake usijifungie njaa kulipa deni, ndiyo ile hesabu yangu ya 2012. Amka, kunywa chai ya rangi, kula yai, nenda na mama yako mtoni kwa miguu, siku iendelee.

Ukija, niletee vijiti vya mashine ya kupimia, hapa vimebaki sita tu, na tutapima wote wawili kila asubuhi pale barazani kabla wengine hawajaamka. Usipande basi la usiku. Ukifika Himo piga simu, nitakuja na bodaboda ya jirani.

Mama yako bado anasema daktari wako anataka kukuua kwa njaa. Lakini juzi nimemkuta nyuma ya banda la ng'ombe amepanda mnafu matuta manne, na hapa nyumbani tuko wawili tu. Nimeambiwa nisikuambie.

Baba yako