Pango la pleko hupimwa kwa mwili wa dume

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Morogoro anayefuga pleko, samaki wa tangini: "Dada, dume wangu ana ndevu ndefu, jike tumbo limejaa, nimewawekea chungu kizuri cha maua, lakini miezi inapita na hakuna yai. Nifanyeje?" Akaambatanisha picha. Chungu kweli kilikuwa kizuri. Kilikuwa pia kipana kiasi kwamba dume na jike wangeweza kupishana ndani yake bila kugusana, na tatizo ni hilo hilo.

Najua wengi mnaonisoma mnataka anachokitaka huyu ndugu. Hakuna mwenye tangi la samaki sebuleni asiyetamani kuamka asubuhi akute vifaranga wamenata kwenye kioo. Basi leo nayasema ninayoyajua.

Pleko ninayemzungumzia ni Ancistrus, kambale mdogo wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya na mwili uliofunikwa na vibamba vya mfupa. Akikua sana anafika sentimita 12 hadi 15. Dume huota ndevu za nyama zenye matawi kuanzia puani hadi kwenye paji. Jike ana vijindevu vifupi pembezoni mwa mdomo, au hana kabisa. Kwao huko mitoni, dume hutafuta ufa chini ya jiwe au tundu kwenye gogo, akalisafisha kwa mdomo, akamwita jike. Jike akishaingia, dume huziba mlango kwa mwili wake mpaka mayai yatoke. Kisha jike huondoka, na dume hubaki akiyapepea maji kwa mapezi yake usiku na mchana.

Sasa fikiria mwenyewe. Mlango ukiwa mpana, atauzibaje? Jike anapita pembeni anaondoka zake. Pengine anataga, lakini dume akipepea mayai yanamwagika nje. Ndiyo maana ninasema kila siku: mpime dume kwanza, pango baadaye. Dume wa sentimita 12 anataka pango lenye upana wa sentimita 4 hadi 5 kwa ndani, kimo cha 3 hadi 4, na kina cha 15 hadi 18. Mlango mmoja tu, na nyuma pafungwe kabisa. Bomba lililo wazi pande zote mbili ni njia ya kupita, hakuna samaki atakayeliamini kwa mayai yake.

Nilipoanza kufuga nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mbagala. Muuzaji mmoja wa samaki, simtaji, aliniambia mbele ya wateja wake kwamba pleko hawazai kwenye tangi la nyumbani, na kwamba mtu anayekaa chumba cha kupanga angenunua kuku. Watu walicheka. Niliondoka na samaki wangu kwenye mfuko wa nailoni na sikumjibu, lakini maneno yale bado ninayasikia. Leo kuna maduka yanayochukua vifaranga kwangu, na la kwake silipelekei hata mmoja. Mkisema nina kinyongo, sawa.

Kilichonisaidia ni udongo. Mimi ni mtu wa Kyela, nimekua nikiona vyungu vya Wakisi vikishushwa Matema kutoka kwenye mitumbwi, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi haukunitisha. Chukua kipande cha bomba la maji, kizungushie gazeti, halafu kikunjie bamba la udongo lenye unene wa kidole. Bonyeza upande mmoja uwe bapa ili pango litulie chini. Ziba nyuma kwa kipande kingine cha udongo, ukisugue kwenye maungio kwa kidole chenye maji. Udongo ukishika kidogo, chomoa bomba. Gazeti litaungua lenyewe motoni. Na hapa ndipo wengi wanapokosea vipimo vyao: udongo unasinyaa ukikauka, unasinyaa tena ukichomwa, karibu sehemu moja ya kumi kwa jumla. Ukitaka sentimita 4.5 kwa ndani, finyanga 5. Uache ukauke kivulini taratibu, usiuanike juani, utapasuka. Kama huna pa kuchomea, mpelekee mfinyanzi akuwekee pamoja na vyungu vyake, hakatai ukimlipa kidogo. Likirudi, liloweke kwenye ndoo wiki nzima. Likimomonyoka, halikuiva. Usilipake rangi wala mng'ao wowote.

Pleko analipenda pango la udongo kwa sababu ukuta wake unakwaruza kidogo na mayai yanashika.

Kama udongo ni shida, nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bomba la PVC la maji safi, la inchi moja na nusu kwa dume wa kawaida, inchi mbili kwa aliyenenepa. Ziba nyuma kwa kifuniko chake, paruza ndani kwa msasa mkali. Linazama lenyewe lakini linabingirika, lishikize kwa mawe. Unaweza pia kuunganisha vipande vitano vya vigae visivyo na mng'ao kwa silikoni, ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, ukaacha mpaka harufu ya siki iishe yote. Kifuu cha nazi kinafaa kwa muda. Chemsha, mwaga, chemsha tena mpaka maji yasigeuke rangi. Mawe ya matumbawe ya pwani na saruji achana navyo, vinaongeza chokaa kwenye maji. Una shaka na jiwe? Lidondoshee siki. Likitoa povu, lirudishe ulikolitoa.

Weka mapango mengi kuliko madume, kivulini, mlango ukielekea mahali maji yanapotembea. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawatosha. Hapa Dar msimu wa joto maji yanapanda kupita hapo, kwa hiyo mimi huwachochea kwa maji mapya yaliyopoa nyuzi mbili au tatu kuliko ya tangini, kama mvua imenyesha mtoni. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo siku nzima ukiyapuliza kwa pampu ili klorini itoke.

Mayai ni ya rangi ya chungwa, yameshikana kishada, na huanguliwa kati ya siku 4 na 10 kutegemea joto. Usimmulike dume kwa tochi kila saa. Jamani, mwacheni! Hofu inamfanya ayatupe au ayale. Vifaranga hukaa na kifuko cha kiini tumboni siku kadhaa, kikiisha ndipo uwape mung'unya au mchicha uliochemshwa, na kipande cha gogo wakwangue.

Wakizidi, uza au gawa. Usiwamwage mtoni, tafadhali sana. Ndugu zao wakubwa, Pterygoplichthys, wanachimba mashimo kwenye kingo za mito wazaliane humo, na leo wako kwenye mito kule Afrika Kusini kwa sababu ya watu waliochoka na matangi yao. Sisi tuliopandikiziwa sangara Ziwa Victoria tunajua samaki mgeni anaweza kufanya nini.

Mimi sasa namtaka Hypancistrus zebra, yule mweupe mwenye mistari myeusi. Duniani anaishi porini mahali pamoja tu, mto Xingu nchini Brazili, na bwawa la Belo Monte limepunguza maji katika sehemu ile ile anayoishi. Yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo nitamchukua kwa mfugaji mwenye karatasi halali au sitamchukua kabisa. Ni mdogo, hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 20. Mapango yake nimeshafinyanga, upana sentimita 3 kwa ndani, kina 10, na yako kwenye ndoo yanaloweka.