Aliyeandikwa huru na hati yake

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, imani ya Kikristo inamnyima mtu uhuru wa kufikiri na kujiamulia?"

Inambana, ndiyo, tusidanganyane. Aliyebatizwa ameahidi mambo, na ahadi ni kamba. Mwenye ndoa haishi kama kapera. La kuuliza ni nani aliyeifunga hiyo kamba, na fundo linafunguliwa na nani.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walilitafsiri jambo hili kwa lugha ya pwani. Wagalatia 5:1 wanasema Kristo "alituandika huru", tusinaswe tena chini ya "kongwa la utumwa". Kongwa ni ule mti wa panda waliofungwa shingoni mateka wa misafara. Na kuandika huru, kabla halijawa neno la mimbarini, lilikuwa tendo la bwana kumwandikia mtumwa hati ya kumwacha. Rabai, karibu na Mombasa, tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia kwenye misheni walipata hati zao baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia. Kabla ya siku hiyo walikuwa wakisali na kuimba misheni, lakini bwana mwenye madai alikuwa bado anaweza kubisha hodi.

Mwamini wa leo naye ana hati za uhuru wake. Shida ni kwamba hazisomi. Nachukua Kanisa Katoliki kwa sababu sheria yake, ile ya mwaka 1983, imepangwa kwa namba na yeyote anaweza kuifungua. Kanuni ya 748 inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake. Ya 865 inataka mtu mzima anayebatizwa awe ameonyesha nia yake mwenyewe. Ya 1103 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyotoka nje, kwa hiyo binti aliyepelekwa altareni kwa vitisho vya baba hajaolewa, hata kama mchele umeshapikwa na wageni wameshakula. Ya 212 inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaambia wachungaji wao wanachokiona, kwa heshima.

Wanaosema imani na fikra huru haviketi meza moja wamtafute Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Aliuliza kama dhamiri iliyokosea inamfunga mtu, akajibu kwamba inamfunga. Mfano aliouchagua ni mkali: kumwamini Kristo ni jambo jema, lakini akili ya mtu ikimwonyesha kuwa ni baya, akiamini hivyo hivyo anatenda vibaya. Huyo ni mtakatifu wa Kanisa, si mpinzani wake. Hakumaanisha kwamba kila wazo linalokupitia kichwani ni dhamiri. Aliyekosea kwa uzembe wa kutotafuta ukweli kwake ana lawama.

Basi kongwa linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwenye daftari. Mzazi anakwenda ofisi ya parokia kuandikisha mtoto abatizwe. Anaambiwa alete barua ya jumuiya, kile kikundi cha waamini majirani wanaosali pamoja. Mwenyekiti wa jumuiya anafungua daftari: mahudhurio ya sala za kila wiki, bahasha za zaka, mchango wa ujenzi. Kuna miezi saba haina alama. "Maliza kwanza deni, ndipo nisaini." Mtoto anakaa.

Barua hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Paroko mwenye waamini maelfu hawezi kumjua kila mmoja kwa sura, anahitaji jirani wa kumthibitisha. Inaharibika pale mwenyekiti huyohuyo anapopewa lengo la makusanyo: utambulisho unageuka risiti. Sheria yenyewe, kanuni ya 868, inataka mambo mawili tu ili mtoto mchanga abatizwe ipasavyo: ridhaa ya angalau mzazi mmoja, na tumaini lenye msingi kwamba atalelewa Kikatoliki. Tumaini likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Zaka haimo. Ya 848 inasema wazi kwamba mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Aliyekwama amwombe mwenyekiti aandike sababu ya kukataa, aipeleke kwa paroko; ikishindikana, aandike barua kwa dekano (padre anayesimamia parokia kadhaa) au ofisi ya askofu na kubaki na nakala. Mara nyingi jambo linaishia pale mwenyekiti anapoombwa kuandika.

Tishio kubwa kuliko la ubatizo ni la maziko. "Usipokuja jumuiya, utazikwa na nani?" Sentensi hiyo imewanyamazisha wenye maswali wengi kuliko hoja yoyote ya teolojia. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioikana imani waziwazi, wazushi (wanaopinga fundisho la imani) na wafarakano (waliojitenga na Kanisa) wanaojulikana, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu. Mdaiwa wa mchango wa ujenzi sijamwona kwenye orodha. Kwa Walutheri msamiati ni mwingine, kutengwa na kurudi kundini, lakini hofu ni ileile.

Ndoa mseto nayo ina uongo wake wa mitaani. Inasemwa kwamba asiye Mkatoliki lazima asaini kwamba watoto watabatizwa Kikatoliki. Kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki ndiye aahidi kufanya yote awezayo. Mwenzake anajulishwa tu juu ya ahadi hiyo. Haahidi chochote.

Kwenye mikutano ya uponyaji mambo yanakwenda kwa kasi zaidi. Muziki unapandishwa, nadhiri inatajwa kwa kiasi, walio tayari wanaambiwa wasimame, na asiyesimama anatangaziwa laana. Kumbukumbu la Torati 23:22 inasema asiyeweka nadhiri hana dhambi, na 2 Wakorintho 9:7 inataka mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Aliyeahidi kwa hofu aende alale kwanza. Panapofundishwa kwamba shule na hospitali ni dhambi, asilale: aondoke. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyefundisha hivyo na kuwaagiza wafunge hadi kufa.

Kwa upande wa dola hakuna kizuizi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja kabisa uhuru wa kubadilisha dini au imani, na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake.

Na anayetaka kutoka Kanisa Katoliki? Waraka wa Vatikani wa 2006 unataka mambo matatu: awe ameamua moyoni, aidhihirishe nia hiyo kwa maandishi, na maandishi yapokewe na askofu au paroko wake, atakayepima kama kweli ameamua. Kisha inaandikwa kumbukumbu kwenye daftari la ubatizo. Jina halifutwi. Tena tangu 2009 kutoka huko hakumwondoi mtu kwenye sheria ya ndoa ya Kanisa, jambo ambalo aliyetoka ana haki ya kulinung'unikia. Akienda kufunga ndoa bomani, Kanisa halitaitambua. Boma litampa cheti chake siku hiyohiyo.