Morgan ya 1979 inatetemeka usukani na mlango unaning'inia: kipi ni asili yake, kipi ni ubovu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Leicester, Uingereza. Nimenunua Morgan 4/4 ya mwaka 1979, injini ya Ford 1600, rimu za spoku. Kwenye barabara mbovu inanirusha mpaka mgongo unauma. Ikifika maili 50 kwa saa usukani unatetemeka vibaya, ukipita maili 60 unatulia. Mlango wa dereva nao umeshuka, naufunga kwa kuunyanyua. Fundi wa hapa kaniambia magari haya ndivyo yalivyo, nizoee tu. Je, ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa gari. Huyo fundi kasema kweli kwa jambo moja kati ya matatu. Ugumu kwenye mashimo gari limezaliwa nao, ingawa unaweza kupunguzwa. Mtetemo wa usukani ni ubovu, tena usiendelee kuendesha kwa mwendo huo kabla haujapatiwa dawa. Mlango kushuka pia ni ubovu, na mara nyingi chanzo chake ni mbao.

Kwanza ujue umekalia nini. Modeli ya 4/4 ilianza kutengenezwa Malvern Link, Uingereza, mwaka 1936, na jina lake lilimaanisha silinda nne na magurudumu manne, kwa sababu kabla ya hapo kiwanda kilijulikana kwa magari ya magurudumu matatu. Springi ya mbele ni wazo la mwanzilishi, H.F.S. Morgan, tangu gari lake la kwanza kabisa: gurudumu halishikwi na mikono inayopanda na kushuka kama kwenye gari la kawaida, bali stabu ekseli nzima, kipande kinachobeba gurudumu, inateleza juu na chini kwenye kingpini, yaani pini nene ya chuma iliyosimama wima. Nyuma, ekseli inapita juu ya reli za chesisi, hivyo nafasi yake ya kupanda na kushuka ni ndogo mno. Chesisi yenyewe ni ya chuma chembamba na hujipinda kidogo barabarani. Juu yake kuna fremu ya mbao za mti wa eshi, ule ambao Waingereza hutengenezea mipini ya shoka, na mabati yamepigiliwa juu ya mbao hizo. Kiwanda kiliendelea na chesisi ya namna hiyo hadi mwaka 2020, kwa hiyo vipuri na ujuzi vipo.

Tuanze na mgongo wako. Kabla ya kununua chochote, pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa za baridi. Gari lako lina uzito wa kilo 700 hivi, na fundi wa tairi asiyelijua atalijaza psi 30 kama gari lolote. Kwa tairi za 165 za inchi 15, anza na psi 20 pande zote, kisha linganisha na kitabu cha gari lako. Tofauti utaisikia ukitoka tu getini.

Halafu angalia shokapu za nyuma. Kwa mwaka huo ni zile za mkono zilizofungwa kwenye chesisi, zenye oili ndani. Fungua kiungo kinachoziunganisha na ekseli, usukume mkono wake juu na chini. Mkono huo unatakiwa kuwa mgumu sawasawa njia nzima. Ukilegea katikati au kuruka ghafla, oili imepungua au sili imekufa. Jaza oili ya shokapu kupitia nati ya juu, si oili ya injini. Usikubali kuuziwa shokapu ngumu zaidi kwa ahadi kwamba gari litashika barabara. Nyuma hakuna nafasi ya kutosha, na ukipiga shimo katikati ya kona ekseli itaruka pembeni kuliko sasa. Ukiwa huko chini, jaribu pia yuboliti zinazofunga ekseli kwenye springi. Zikilegea ekseli husogea, na gari huanza kujielekeza lenyewe kutokea nyuma.

Sasa usukani. Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka ukipita hapo, kwa gari hili, una chanzo chake kwenye rimu na mwisho wake kwenye kingpini. Rimu iliyopinda au isiyo na balansi huanzisha mtetemo, bushi zilizolika, yaani mirija mifupi inayozunguka kingpini, huuacha ukue. Ndiyo maana wengi hufanya balansi, wakapata nafuu kwa wiki tatu, kisha shida ikarudi.

Fanya kazi kwa mpangilio huu. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, zungusha gurudumu huku umeshikilia chaki karibu na ukingo wa rimu. Ikiyumba wazi kwa macho, ipelekwe kwa mtu anayenyoosha rimu za spoku. Gonga kila spoku kwa bisibisi: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Unapopeleka kwenye balansi, sisitiza rimu ifungwe kwenye mashine kwa koni zinazokaa mahali inapokaa kwenye habu. Wakiishika kwa ukingo wa nje tu, mashine inabalansi kitu kingine kabisa.

Baada ya hapo shika gurudumu juu na chini, saa 12 na saa 6, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Uchezaji ukikoma, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, bushi za kingpini zimelika. Ukizidi milimita 3 kwenye ukingo wa rimu, usihangaike na alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) wala balansi tena, fungua sehemu yote.

Kila upande una bushi mbili za shaba ngumu, ya juu na ya chini, zilizosukumwa ndani ya stabu ekseli kwa presi. Badilisha bushi na kingpini pamoja. Kingpini iliyolika huwa na umbo la yai, na bushi mpya ikivishwa juu yake haimalizi msimu. Bushi zikishaingia lazima zipitishwe rima ndefu, kifaa cha kukata tundu mpaka lifikie kipimo chake, inayokata zote mbili kwa mstari mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anakata ya juu, anageuza, anakata ya chini, na matundu hayaelekeani. Usukani unakuwa mzito, springi inakwama, na baada ya muda mfupi unarudi ulikoanzia. Muulize fundi wako anatumia rima gani kabla hujampa kazi. Kabla ya kurudisha, safisha fremu ya mbele na ukague mahali mirija inapoungana. Mpasuko hapo unaweza kujificha chini ya rangi na matope.

Kuna kitu kingine husahaulika: bamba jembamba la chuma cha springi linalotoka kwenye chesisi na kushika diski ya shaba juu ya stabu ekseli. Kazi yake ni kutuliza usukani. Likivunjika, mtetemo hauna kizuizi. Likifungwa vibaya, usukani haurudi wenyewe katikati. Liwe limelala sawa bila kuvutwa juu wala chini. Hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya bati mahali linapofungiwa kwenye chesisi. Mwisho kabisa ndiyo ufanye alaimenti: magurudumu ya mbele yaelekee ndani kidogo, kama milimita 3.

Kwa nini bushi ziliisha? Karibu kila mara ni ulainishaji. Ukitazama karibu na miguu ya dereva utaona kitufe cha kukanyaga. Hicho hupeleka oili ya injini kwenye kingpini. Kikanyage injini ikiwa ya baridi, asubuhi, kwa sekunde moja au mbili, kila maili 200 hivi. Usiuache mguu hapo, maana unamwaga oili ya injini barabarani. Vibomba vyake huziba, kwa hiyo thibitisha oili inafika pande zote mbili. Mimi sikitegemei peke yake. Kila maili 1,000 nyanyua mbele ili magurudumu yaning'inie, piga grisi kwenye chuchu za kingpini huku usukani ukizungushwa kutoka kona hadi kona, mpaka grisi chafu itoke na safi ifuate.

Tukija kwenye mlango: ufungue nusu, unyanyue kwenye ncha ya kitasa huku ukitazama bawaba. Zikicheza bawaba peke yake, pini zimelika, na hiyo ni kazi ndogo. Nguzo nzima ikisogea pamoja na mlango, mbao imeoza, na kawaida imeoza chini, inapoungana na ubao wa kizingiti. Toa zulia, choma mbao kwa bisibisi nyembamba ndani na kwa chini ya gari. Mbao nzima hukataa, iliyooza huingia kama mkate uliolowa. Choma pia nyuma ya mlango, karibu na tao la gurudumu la nyuma, ambako matope hukaa.

Eshi ni ngumu na inapindika vizuri, lakini haina kinga yake dhidi ya kuvu. Unyevu wa mbao ukikaa juu ya asilimia 20, kuvu huanza kazi. Kumwaga gundi ya epoksi juu ya ubovu kutakupa miezi michache tu. Sehemu iliyooza itolewe, iwekwe eshi mpya iliyokauka na kupakwa dawa pande zote kabla ya kufungwa, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usimruhusu mtu aweke mwaloni kwa kuwa ni mgumu. Tindikali iliyomo ndani yake hula chuma na alumini. Gari lilale bandani penye hewa, na usilifunike kwa turubai la plastiki likiwa limelowa. Baridi ya Uingereza ina chumvi barabarani, kwa hiyo osha chini kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kisha liache likauke kabla ya kulifunika.

Kila unaporudisha rimu, paka grisi kidogo kwenye meno ya habu, kaza nati kubwa ya katikati kwa nyundo ya shaba au risasi, ukipiga sikio la juu kuelekea nyuma ya gari, kulia na kushoto. Upande wa kulia uzi wake ni wa kinyume, na ndivyo inavyopasa kuwa. Mtu akibadilishana habu za pande mbili, nati zitafunguka zenyewe barabarani. Endesha maili 20, kisha zigonge tena.