Pweza wa mtini darasani

Kwa miaka mingi nilifundisha kwa orodha. Kabla ya kuamini tovuti, tazama mwandishi ni nani, iliandikwa lini, lugha ikoje, anwani yake inaishia na nini. Wanafunzi wakaikariri kama wimbo wa taifa.

Siku moja nikawafungulia tovuti ya pweza wa mtini. Ilitengenezwa kwa mzaha mwaka 1998, na inadai kuna pweza wanaoishi juu ya miti kaskazini-magharibi mwa Marekani na kwamba wako hatarini kuangamia. Maabara yetu ya kompyuta hapa Eastlands, Nairobi, ina mashine kumi na mbili zinazowaka, kwa hivyo walibanana wanne wanne, kalamu mkononi, wakitia vema. Picha zipo. Lugha ni ya kisayansi. Kundi baada ya kundi likaipitisha.

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mmoja anacheka. Kwao ni Lamu. "Mwalimu, pweza na mti wapi na wapi? Nyanya yangu anawapika kila wiki, akichelewa tu wameoza."

Hakuwa amegusa orodha yangu. Alikuwa na nyanya. Hawa wengine wa Kayole na Umoja, nyanya zao wako Murang'a na Machakos, na pweza hawamjui. Nikaona kosa ni langu: nilikuwa nawafundisha kuuhoji ukurasa kuhusu ukurasa wenyewe. Ukienda soko la Gikomba kununua viatu, humwulizi muuzaji kama ngozi ni halisi. Unamuuliza binamu yako aliyenunua hapo mwezi jana.

Baadaye nikasoma utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 2017. Waliwapa tovuti zilezile wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria wengi na wanafunzi waling'ang'ania ukurasa, wakisoma juu hadi chini, wakivutiwa na nembo. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kando na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti.

Basi sasa zoezi langu ni la dakika mbili, na kusoma tovuti yenyewe ni marufuku. Andika jina lake kwenye Google, uone nani anaitaja na kwa lipi. Kama ni dai linalozunguka WhatsApp, angalia kama wahakiki wa habari kama Africa Check au PesaCheck wamelishughulikia. Anwani inayoishia na .go.ke ina uzito kwa sababu ni ya serikali, lakini .org hununuliwa na yeyote mwenye pesa, na hilo huwashtua kila mwaka.

Picha ndizo wanazozipenda. Nilipowapa ile ya papa anayeogelea katikati ya barabara iliyofurika, nikawawashia bando la simu yangu watafute kwa picha badala ya maneno. Wakaikuta ilizunguka tangu 2011, ikidaiwa kuwa ya Puerto Rico, kisha wakamfuata papa mwenyewe hadi kwenye picha ya Thomas Peschak aliyoipiga Afrika Kusini. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Ubaya wake ni kwamba wakishaonja, kila kitu kwao huwa ghushi. Ukimwambia kidato cha pili kwamba habari fulani ni ya kweli, anakuangalia kama wakala wa ploti hewa. Ningependa kuwacheka, ila mimi mwenyewe nimeangukia humo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, muhula wa pili ukiwa unaanza siku hiyohiyo, ilitoka taarifa kwamba ufunguzi wa shule umeahirishwa kwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Mzazi akanitumia alfajiri. Nikaitazama kwa jicho moja: saa hiyo ya usiku, siku ya kufungua? Nikamjibu, "Ghushi hiyo, mama. Mlete mtoto." Sikufungua ukurasa wa pili.

Saa mbili asubuhi akanipigia kutoka stendi ya Machakos hapa Nairobi, yeye na mwanawe na sanduku la bati, mvua inawanyeshea.

Taarifa hiyo ndiyo ninayoanza nayo kila muhula. Jibu langu kwa mama yule pia nawaonyesha.