Nimechoma madaftari ya falsafa ya mwanangu. Je, nimetenda haki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, mkulima wa chai huku Rungwe, na sisi ni Wamoravian tangu enzi za bibi. Mwanangu wa kwanza yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma falsafa. Likizo hii amekuja amebadilika. Tukila anauliza, "Mama, kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini baba alikufa nikiwa darasa la tatu?" Siku nyingine aliwaambia wadogo zake kwamba kuna Mjerumani aliyeandika kuwa Mungu amekufa. Nikamweleza mzee wa kanisa. Akaja na Wakolosai 2:8, akasema falsafa ni kamba ya shetani, nichome madaftari kama walivyofanya watu wa Efeso, na kijana asile kwangu mpaka aliache somo hilo. Alipokwenda kucheza mpira nikachoma madaftari mawili jikoni. Aliporudi hakusema neno. Tangu siku hiyo anakula kwa shangazi yake. Je, nimetenda haki? Na nimfukuze kabisa?

JIBU: Amina, Mama. Wiki hii nilikusudia kujibu swali la mahari. Nimeliweka kando kwa sababu ya hayo madaftari mawili.

Najua hulali, kwa hiyo jibu nalitanguliza. Usimfukuze kijana. Na kuyachoma madaftari yake ulikosea. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na maneno machache ya kukusaidia kumrudisha nyumbani ale.

Lawama kubwa, hata hivyo, sikutwishi wewe. Ulitishika, ukamwendea mzee wa kanisa kama inavyompasa mshirika. Yeye ndiye aliyekupa mstari uliokatwa mkia. Tuusome mzima: "Angalieni mtu asiwafanye mateka kwa elimu yake ya bure na madanganyo matupu, kwa jinsi ya mapokeo ya wanadamu, kwa jinsi ya mafundisho ya awali ya ulimwengu, wala si kwa jinsi ya Kristo."

Kwa Kiyunani neno la Paulo hapo ni filosofia, lilelile lililopita kwa Waarabu likatufikia likiwa falsafa. Katika Agano Jipya lote linatokea hapa tu. Watafsiri wa Union Version ya 1952 waliandika "elimu ya bure", na bure yao ni ile ya kazi bure, kitu kisicho na faida. Naeleza hivi kwa sababu babu mmoja hapa Mbeya aliwahi kuniuliza, wala hakuwa anatania, kama Paulo alikuwa anapinga watoto kusoma bila ada.

Katika lugha aliyoandikia, Paulo amefunga "filosofia" na "madanganyo matupu" pamoja kama mzigo mmoja: ile falsafa ambayo ni madanganyo matupu. Bwana shamba akikuambia ujihadhari na mbegu feki, hajakukataza kulima. Na kitenzi chenyewe ni kufanywa mateka. Anayekatazwa ni mtu anayechukuliwa akafungwa, akaburutwa, asiweze tena kumfuata Kristo. Kusoma walichosema watu, ukakipima, ukakikubali au ukakitupa, huko si kutekwa. Mateka hapimi kitu.

Tena ilikuwa falsafa gani huko Kolosai? Mzee wetu angeshuka mistari michache tu angeona. Mstari wa 16: watu wanahukumiana kwa vyakula na vinywaji, kwa sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato. Mstari wa 18: kuabudu malaika. Mstari wa 21: "Msishike, msionje, msiguse." Waliowateka Wakolosai walikuwa watu wa dini sana, wenye makatazo marefu kuliko mkeka, na mstari wa 23 unasema wazi kwamba hiyo ni ibada ya kujitungia, yenye sura ya hekima tu. Sasa mtu anaingia nyumba ya mjane, anasema usisome, usiguse, usile naye, na mkononi ameshika sura hiyohiyo! Nina miaka mingi katika huduma na jambo hili bado linanichemsha. Ameshika panga kwenye makali.

Na Efeso je? Fungua Matendo 19:19. Waliotumia mambo ya uganga "wakakusanya vitabu vyao", wakavichoma mbele ya watu wote, thamani yake ikawa yapata fedha hamsini elfu. Vyao, Mama. Kila mmoja alileta cha kwake, kwa hiari, hadharani, akijua hasara anayoingia. Na vilikuwa vya uganga. Hakuna aliyeingia chumbani kwa mwenzake huku mwenyewe yuko mpirani. Hayo madaftari hayakuwa yako. Vijana wetu wengi wa vijijini huandika kila kitu kwa mkono kwa kuwa hela ya kutoa kopi haipo, na mtihani utamkuta mwanao mikono mitupu.

Kwa kuwa umeniambia ninyi ni Wamoravian tangu enzi za bibi, nikuulize: umewahi kumsikia Jan Amos Comenius? Alizaliwa 1592. Alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, shina ambalo Kanisa letu limechipuka, na alikuwa mwanafalsafa. Alitaka kila mtoto afundishwe, wa kike na wa kiume, wa tajiri na wa maskini, wakati ambapo wengi waliona huo ni wendawazimu. Alifundisha kwamba Mungu ametupa vitabu vitatu: ulimwengu aliouumba, akili aliyotutia ndani, na Maandiko, na kwamba mwenye kimoja bila vingine anasoma nusunusu. Mwaka 1656 mji wa Leszno huko Poland ulipoteketezwa katika vita, maktaba yake na maandishi yake ya miaka mingi yaliungua. Kwa hiyo kanisa letu linajua uchungu wa karatasi zilizoungua. Linaujua kwa upande wa mwanao.

Na hili mwambie mzee kwa upole. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuta babu zetu wana jina la Mungu, Kyala, midomoni, wala hawakulitoa katika Biblia, maana Biblia hawakuwa nayo. Wamisionari wakalichukua, wakalisafisha kwa mafundisho, na leo mzee huyo anapiga magoti anamwita Kyala, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Kama kila wazo lililotangulia injili ni kamba ya shetani, kwanza aache kuomba kwa Kinyakyusa. Paulo mwenyewe pale Areopago, huko Athene, alianzia kwenye madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akanukuu mshairi wa kipagani: "sisi sote tu wazao wake". Hakuona haya.

Lakini mwanao naye ana lake la kusikia, na barua hii ukipenda umpe asome.

Waliobishana na Paulo huko Athene walikuwa Waepikureo, wafuasi wa mwanafalsafa Epikuro, na Wastoiko, waliofundisha mtu asitikiswe na hisia, na vijana wanaosoma falsafa huwapenda kwa sababu wanaongea vizuri juu ya kifo. Epikuro alisema kifo si kitu kwetu: tukiwepo sisi chenyewe hakipo, kikiwepo chenyewe sisi hatupo. Epikteto, wa Wastoiko, alifundisha kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe kuwa unabusu kiumbe cha kufa, ili akifa usifadhaike. Ni maneno ya watu wenye akili kubwa, nami sitayacheka. Lakini nimezika watu wengi katika milima hii, kwenye mvua na ukungu, na sijaona mtu hata mmoja aliyesimama kando ya kaburi akafarijiwa na hoja ya Epikuro. Hoja hiyo inamfaa labda anayekufa. Aliyeachwa haimgusi. Darasa la tatu, mtoto anasimama na viatu vyenye udongo mwekundu, unamwambia kifo si kitu?

Sasa linganisha na Yohana 11. Martha anatoka kumlaki Yesu, na salamu yake ya kwanza ni hii: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hilo ndilo swali la mwanao, Mama, neno kwa neno karibu: kama unaweza, mbona hukufanya? Martha alilisema usoni pa Bwana. Hakukemewa wala hakuambiwa akale kwa shangazi. Na Yesu, aliyejua kwamba baada ya dakika chache atamwita Lazaro atoke, alilia. Mstoiko angemshangaa. Hapo ndipo ninapoona hekima ya Mungu inaachana na hekima ya wanadamu: wenye hekima wa dunia walitafuta namna ya kutouona uchungu, na Mungu akauingia. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 1 kwamba Wayunani wanatafuta hekima nasi tunamhubiri Kristo aliyesulibiwa, hasemi Wayunani hawana akili. Anasema akili yao ilipofika msalabani ilikataa kuvuka.

Kuhusu yule Mjerumani, ni Friedrich Nietzsche, alizaliwa 1844. Mwanao huenda hajaambiwa kwamba alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na kwamba baba yake alifariki 1849, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitano. Sisemi kifo hicho ndicho kilichomfanya awe alivyokuwa; moyo wa mtu ni msitu. Ila kijana aliyefiwa na baba mapema amemwokota mtu aliyefiwa na baba mapema, na nadhani hakumwokota bure. Maneno yenyewe, katika kitabu cha 1882, anayatamka kichaa aliyeingia sokoni mchana kweupe na taa mkononi, anamtafuta Mungu. Wanaomcheka ni watu wasioamini. Kichaa anawaambia, tumemwua sisi, ninyi na mimi, na anauliza tutajifariji vipi. Mtu anayeyatamba maneno hayo mbele ya wadogo zake kama bao la mpira hajayasoma vizuri. Nietzsche alijua kuwa Mungu akiondolewa, hakibaki kitu mahali pake. Alikosea sana alipoiona huruma ya Kikristo kuwa udhaifu wa wanyonge, lakini hakuwa mtu wa mzaha. Kijana, ukisoma falsafa, isome mpaka mwisho wa ukurasa.

Sasa turudi jikoni kwako. Augustino, yule Mwafrika wa Thagaste, leo Algeria, anasimulia kwamba alipokuwa kijana na kufuata mafundisho ya Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, mama yake Monika alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Alikuwa mcha Mungu kweli, na alifanya kama ulivyoambiwa wewe ufanye. Kisha akaota ndoto, akamrudisha mezani, bado akiwa katika upotevu wake. Akamwendea askofu mmoja amwombe akabishane na kijana. Askofu akakataa. Alikuwa amelelewa na Wamani haohao, amenakili vitabu vyao kwa mkono wake, akaugundua uongo wao mwenyewe. Akamwambia amwache, amwombee tu kwa Bwana, kijana ataona mwenyewe akiendelea kusoma. Monika alingoja miaka mingi. Angalia lakini kwamba alingoja akiwa anakula naye.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujaenda kuchuma chai, pita kwa wifi yako. Usiende na Biblia, ukienda nayo atadhani umekuja na mstari mwingine. Mwambie, "Mwanangu, nilichoma vitu vyako na havikuwa vyangu, nisamehe." Mama kumwomba mtoto radhi kwetu si kazi nyepesi, najua, na shangazi yake anaweza kushangaa. Yakobo anasema hekima itokayo juu ni "ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu", na aya hiyo haikuwatoa akina mama. Mnunulie madaftari mawili. Wenzake wa darasa watamwazima ayanakili upya. Likizo bado ndefu.

Kisha siku moja mkiwa wawili tu, akikuuliza tena kwa nini baba yake alikufa, usimjibu. Mwambie nawe hujui, na kwamba umemuuliza Mungu hilohilo. Nina hakika umemuuliza. Halafu mweleze baba yake alivyokuwa: alivyokuwa anacheka, alivyomwita, alivyombeba mabegani kwenda gulioni. Inawezekana mtoto huyu hajawahi kusimuliwa.

Mzee wa kanisa niachie mimi. Jumapili ya pili ya mwezi nitakuwa huko kwa ushirika, na baada ya ibada nitakunywa chai nyumbani kwake.