Asubuhi inagoma, saa nne inawaka yenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Uyole, Mbeya, nina IST ya oto, nabebea viazi kupeleka Mwanjelwa. Tangu baridi la mwezi wa sita lianze, kila alfajiri nikipiga stata inalia tak tak tak afu kimya, ila jua likishapanda saa nne hivi inawaka kama haijawahi kugoma. Nimeipeleka gereji mchana fundi kapima kasema betri nzima, ninunue stata. Ninunue? Na vijana wakisukuma si itawaka?

JIBU: Marahaba dada. Usinunue kitu kwanza. Huyo fundi kapima mchana, gari umeshaiendesha, altaneta imeshaichaji betri na jua limeshaipasha, hapo hata betri mgonjwa inajibu mzima. Kapime alfajiri, gari ikiwa imelala.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na baridi la mwezi wa sita na wa saba unalijua mwenyewe. Betri ikipoa inatoa umeme kidogo, na saa hiyohiyo oili kwenye injini imekuwa nzito, kwa hiyo stata inataka umeme mwingi wakati betri ndo haina. Ile tak tak tak ya harakaharaka mara nyingi ni njaa ya umeme, stata iliyokufa kawaida inagonga tak moja tu, tena taa zikiwa zinawaka vizuri.

Azima mita ya kupimia volti, hata ile ya bei rahisi. Kabla hujawasha, volti 12.6 betri imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 usishangae ikigoma. Afu mtu apige stata we unaangalia mita, ikidondoka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, hiyo betri imechoka.

Ila kabla ya yote hayo fungua boneti uangalie tamino, vile vyuma vinavyoshika nyaya kwenye betri. Mwaka jana nilihangaika na Noah ya mteja siku mbili, nimeshatoa mpaka stata, kuja kushika tamino ya nega, ile ya alama ya kutoa (-), inazunguka kwenye vidole vyangu, chini yake unga wa kijani umejaa. Nilijiona mjinga kweli. Chukua spana namba 10, anza kufungua nega, mwagia maji ya moto, piga msasa mpaka ing'ae, funga ikaze, nega iwe ya mwisho. Usivute sigara hapo, betri inatoa gesi inayolipuka.

Kusukuma waambie vijana wapumzike. Ya oto injini ikiwa imezima haijashikana na matairi, mtasukuma mpaka Mwanjelwa.

SWALI: Hilux yangu ya dizeli, Njombe, stata inapiga kwa nguvu kabisa ila haishiki, inatoa moshi mweupe tu.

JIBU: Hiyo betri iache. Moshi mweupe wakati unapiga stata ni dizeli inayotoka bila kuungua, angalia hita plagi, zile zinazopasha moto ndani ya injini kabla haijawaka, yawezekana mbili tatu zimekufa au rilei yake, ile swichi ya kuzipelekea umeme, haifanyi kazi. Subiri ile taa ya njano ya hita kwenye dashibodi izime ndo upige stata. Na ule mchezo wa kuwasha tambara mbele ya mdomo wa hewa, acha, nimeshaona boneti ikiungua hivyohivyo.